Treni Haifiki Ikonge

Kila nikiifungua ramani yangu, jicho hukimbilia mahali ambapo hapana kitu. Mstari mwekundu unaanzia Mombasa, unapanda hadi Nairobi, unateremka Bonde la Ufa, unajipindapinda kwenye milima ya Mau kama uzi uliochezewa na paka, kisha unanyooka kwenye tambarare ya miwa na kuishia Kisumu, ukingoni mwa ziwa. Kutoka Kisumu kuna kijitawi cha kwenda Butere. Kuna kingine kilichochomoka Nairobi kwenda Nanyuki, na kingine cha reli mpya ya kwenda Suswa. Basi. Hizo ndizo reli nilizozipanda mimi mwenyewe, na ndizo ninazojiruhusu kuzichora. Kusini mwa Kisumu, ukishaivuka tambarare ya Kano na kuanza kupanda, kuna kaunti mbili ambazo watu wake wamebanana hadi shamba la mmoja linaishia mlangoni kwa mwingine, na kwenye ramani yangu kaunti hizo hazina hata mkwaruzo wa kalamu. Kisii ni nyeupe. Nyamira ni nyeupe. Huko ndiko kwetu.

Mimi ni mtu wa Ikonge. Nilimaliza shule ya msingi sijaona reli. Treni niliijua kwa picha ya kitabuni na kwa mchezo wa uwanjani, tumeshikana mashati nyuma kwa nyuma, wa mbele akipiga honi kwa mdomo. Siku nilipoiona reli yenyewe, Kisumu, nilivunjika moyo kidogo. Nilitarajia kitu kikubwa. Nikakuta vyuma viwili vimelala juu ya kokoto, vina kutu ubavuni na vinang'aa mgongoni, vimeachana kwa upana wa meza ya jikoni: mita moja kamili. Nikajiuliza kitu chembamba namna hii kimewezaje kubeba historia yote tuliyokaririshwa, 1896 Mombasa, 1899 Nairobi, Desemba 1901 Kisumu, ambako Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli, alipewa heshima ya kugonga msumari wa mwisho na mahali pale pakaitwa Port Florence, jina ambalo halikudumu.

Uraibu huu wa kuchora reli ulizopanda si wangu peke yangu, na afadhali niseme hivyo mapema kabla sijaonekana mwendawazimu. Japani kuna watu ambao lengo lao maishani ni kupanda kila reli ya nchi hadi isibaki hata moja. Mhariri mmoja wa vitabu, Miyawaki Shunzo, alizimaliza reli zote za shirika la taifa la huko, zaidi ya kilomita 20,000, kisha akaandika kitabu juu ya safari hizo mwaka 1978. Uingereza kuna atlasi ya reli ya Stuart Baker, na wapo wasomaji wanaoinunua kwa kazi moja tu: kupaka rangi njia walizopita. Kwa uraibu huo nchi ya Kenya ni ndogo sana. Treni za abiria zinahesabika kwa vidole. Mtu mwenye nauli na wikendi chache anaweza kumaliza karibu zote, na hapo ndipo utakapogundua kwamba kumaliza hakukuwa na maana yoyote.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Simu husikiliza setilaiti, na kila baada ya sekunde tano huandika ilipo: latitudo, longitudo, mwinuko, saa. Nukta moja ni upuuzi. Nukta elfu nane, zikifuatana, ni safari ya kwenda Kisumu. Nikifika nyumbani naimwaga faili kwenye kompyuta juu ya OpenStreetMap, ile ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha, kisha naanza kupalilia. Stesheni ndizo zenye magugu mengi. Treni ikisimama simu haisimami. Hutangatanga, huruka paa la jengo, huvuka barabara na kurudi, kwa sababu setilaiti hazikubaliani kamwe juu ya mita za mwisho. Zile nukta nazifuta. Kwenye mahandaki mambo ni kinyume chake. Reli mpya ya kutoka Nairobi kwenda Suswa, iliyofunguliwa Oktoba 2019, inapita chini ya vilima vya Ngong kwa kilomita nne na nusu za giza, na humo ndani simu inabaki kiziwi. Ikitoka upande wa pili, programu inaiunganisha nukta ya mwisho na nukta mpya kwa mstari mnyoofu, kama mtoto aliyerukwa na maneno akadandia sentensi inayofuata.

Kila kundi la nukta huwekwa kwenye kurasa zake, kurasa za kioo zinazolaliana, na kwa Kiswahili cha programu hizo huitwa tabaka. Mtu wa Kisii akisikia Tabaka anawaza kile kijiji cha wachongaji, na mawe ya sabuni, na mikono myeupe ya vumbi. Nami huwaza hivyo kila mara. Sijafanikiwa kujizoesha.

Kuchora njia kwa kupanda gari si jambo geni kwetu. Kuanzia 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda matatu za Nairobi njia baada ya njia, simu mkononi, wakirekodi kila mahali gari liliposimama. Ramani yao ilitoka 2014, zaidi ya njia 130 zimepakwa rangi kama reli za chini ya ardhi za miji ya Ulaya, na kwa mara ya kwanza mchafuko ule wa honi na manamba ulionekana una mpango. Kabla ya hapo, mwaka 2009, vijana wa Kibera walikuwa wamekichora kitongoji chao wenyewe katika mradi wa Map Kibera. Kibera kunanivutia kwa sababu ya reli. Njia ya kwenda Kisumu inapita katikati yake, karibu kabisa na meza za wauza mitumba, na kwa miaka mingi ramani zilionyesha reli hiyo vizuri huku vichochoro vya pande zote mbili, vyenye watu wasiohesabika, vikiwa havimo. Chuma kilikuwa kwenye ramani, watu hawakuwapo. Na miongoni mwa watu hao, muulize mkazi yeyote wa Kibera, wako Wagusii tele, watu wetu, ambao kwao kuna watu na hakuna chuma.

Nikiri jambo moja la raha tupu kabla sijaingia kwenye lawama. Treni ya Kisumu kwenda Butere ni ya kilomita 69 tu, njia iliyojengwa mwaka 1930, na haina haraka na mtu. Nilikaa dirishani, simu juu ya paja, nikiitazama latitudo ikipungua. Sufuri nukta sufuri moja mbili, kusini. Sufuri nukta sufuri sufuri nane. Karibu na Maseno tarakimu zikaanza kuisha kama mafuta kwenye taa. Mama aliyekaa mbele yangu na kapu la samaki wa kukausha aliniona nimeinama hivyo akadhani napokea habari ya msiba, akaniuliza kwa upole, "Ni wa karibu?" Nikamwonyesha simu. Zikabaki sufuri tupu kwa nukta moja, halafu herufi ikageuka kutoka S kuwa N. Tulikuwa tumevuka Ikweta. Mama aliitazama skrini, akanitazama mimi, akageukia dirisha. Pale kwenye ramani yangu nimeweka nukta nyeusi ndogo, alama pekee isiyo stesheni.

Lakini turudi kwenye weupe. Kwa nini treni haikufika kwetu? Jibu halihitaji hila. Reli ile haikuwa ikitutafuta sisi. Ilikuwa ikilitafuta ziwa, na ng'ambo ya ziwa Uganda, ndiyo maana ikaitwa Reli ya Uganda ingawa miaka yake ya kwanza haikuikanyaga Uganda ya leo. Ilipofika Kisumu iligeuka meli. Meli za ziwani zilikuwa mali ya reli, zikibeba mizigo ya reli kwa nyaraka za reli, na zilipotia nanga Kendu Bay au Homa Bay, hapo ndipo reli ilipokuwa imetukaribia kuliko wakati mwingine wowote. Septemba 1914, vita vya Wazungu vilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka wakaingia mji wa Kisii. Kikosi cha KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kilisafirishwa kwa meli kutoka Kisumu, kikateremshwa Kendu Bay, kikapanda milima kwa miguu na kupigana nao tarehe 12. Reli, vita na serikali vyote vilishukia gatini, vikamalizia safari kwa miguu.

Na bado ndivyo tunavyokwenda. Ndizi za soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, hupakiwa malori jioni zikaamkie Nairobi, kwa njia ya Keroka, Sotik, Bomet na Narok. Sokoni pale jina lina madaraja mawili na hakuna hata moja la treni.

Sasa kuna mpango. Reli ya kisasa iliyoishia Suswa na Naivasha ilipangwa tangu mwanzo kuendelea hadi Kisumu, kilomita 262 hivi, kisha Malaba, na kwenye mpango uliotangazwa inapita Narok na Bomet na kuigusa Nyamira. Kuigusa, basi, kama mtu anayepita dukani akaugusa mkate na kwenda zake. Hata hivyo matumaini yamepanda kama bei ya mashamba. Kijana mmoja wa kwetu, aliyejua ninachochora, aliniomba nimwekee mstari huo kwenye ramani ili auone ukipita wapi. "Weka hata kwa nukta nukta," alisihi.

Nilikataa, na nilimkera. Kuna simulizi kwetu kwamba nabii Sakawa wa Kitutu, miaka mingi kabla Mzungu hajaonekana, alikwenda Getembe, pale ulipo mji wa Kisii leo, akaonyesha kwenye nyasi tupu mahali wageni watakapojenga, hapa hiki, pale kile. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuchora kisichokuwapo. Mimi nina simu tu. Ramani za matumaini zinachorwa na kuchapishwa kwa wino mzuri kila mwaka wa uchaguzi, hazina uhaba. Ramani niliyoitaka mimi ni ile ambayo kila sentimita yake kuna mtu aliyeikalia. Nikajiwekea sheria: sichori nisikopita.

Sheria ni rahisi mpaka siku utakapolala.

Treni ya abiria ya Nairobi kwenda Kisumu ilirejea Desemba 2021 baada ya miaka kadhaa ya kimya. Nikaipanda Ijumaa moja jioni. Giza lilitukuta kabla hatujafika mbali, na kuanzia hapo dirisha likawa kioo cha kujitazama. Nilijitahidi. Nilikunywa chai hadi ikawa karaha. Naivasha nikaiona taa zake, Nakuru nikashuka kunyoosha miguu, na baada ya Nakuru sikumbuki tena, mpaka jua lilipoingia kwa pembeni na harufu nzito tamu ikaniamsha: Muhoroni. Simu ilikuwa kwenye waya wa chaji, inaandika bado, haijapoteza sekunde.

Kwa hiyo kwenye faili safari ni kamili, na kichwani mwangu ina shimo. Na shimo lenyewe limekula sehemu iliyo tamu kuliko zote. Baada ya Nakuru ndipo reli inapoupanda mlima wa Mau hadi zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kisha kuushuka upande wa pili kwa mapindo na makorongo ambayo mwaka 1901 yalivushwa kwa madaraja ya chuma 27 yaliyotengenezwa Marekani na American Bridge Company na kuletwa huku vipande vipande. Hapo ndipo ipo Fort Ternan, ambapo Louis Leakey alifukua taya za kiumbe aliyeishi mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kuwa na nauli. Yote hayo nimeyapita kifudifudi, mdomo wazi, jirani yangu ni shahidi.

Je, nimepita au sijapita? Wiki mbili nilizunguka na swali hilo. Simu ilisema umepita, na mwinuko wenyewe ni huu hapa. Nilikwenda nalo nyumbani, kwa Tata.

Ekegusii kina mtego wake kwa msomaji wa Kiswahili: kwetu tata ndiye baba, na baba ndiye mama. Kiswahili kilipotufikia ilibidi familia nzima ijipange upya. Basi Tata, ambaye ni baba, alifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja la Industrial Area, Nairobi, miaka ya 1970, na alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na wakati wa kuvuna wimbi. Alikuja kwa treni ya usiku hadi Kisumu, daraja la tatu, halafu basi. Mabasi ya moja kwa moja kutoka Nairobi yalikuwapo. "Basi lilikuwa la wenye haraka na wasio na mizigo," yeye husema.

Nilimwekea kompyuta kwenye kiti cha nje, chini ya mparachichi. Akavaa miwani. Nikamweleza rangi nyekundu na sheria yangu.

"Ulilala wapi?"

"Nakuru, Tata. Niliamka Muhoroni."

"Basi hukusafiri. Ulibebwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza kama naweza kukisogeza kile kioo kiwe kikubwa, nikamvutia Nakuru hadi Muhoroni, ikajaa skrini nzima. Akaweka kidole. Njoro, akasema, haina alama, unaipita tu. Elburgon ni harufu ya mbao mbichi, hata ukiwa umefumba macho, kwa sababu ya viwanda vya kupasua magogo. Molo ni baridi: "Watu wote behewani wanavuta blanketi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeambiwa." Baada ya Mau Summit injini inabadilisha sauti, haivuti tena, inazuia. Londiani inasimama muda mrefu, na mtu mmoja lazima aulize tumefika wapi, na mwingine lazima amjibu vibaya. Lumbwa (jina la Kipkelion halijamwingia mpaka leo) masikio yanaziba. Fort Ternan yanazibuka, moja kabla ya lingine, kwake lilianza la kushoto. Koru joto linarudi. Muhoroni hiyo harufu yako.

"Molasi," nikasema.

"Nyumbani," akasema. "Ukiisikia hiyo unajua Krismasi imefika."

Alikuwa ameifuata njia yote kwa kidole bila kuikosa, na kwa kuwa kioo kile huitikia kuguswa, nchi nzima ilikuwa imeteleza na kidole chake hadi reli yenyewe ikatoka kwenye skrini. Nikairudisha. Usiku ule nilifungua tabaka jipya nikalipa rangi ya buluu, nikachora Nakuru hadi Muhoroni, na nikaifuta nyekundu yangu ya sehemu hiyo yote, nukta zote za setilaiti, pamoja na mwinuko wake. Kwa kipimo cha kitaalamu nilifanya ujinga: niliitupa rekodi ya sekunde tano tano nikaweka kumbukumbu ya mzee wa miaka sabini na tisa. Lakini mstari ule wa buluu umepitwa na mtu aliye macho mara ishirini au thelathini, na wangu haukupitwa hata mara moja.

Kisha akaniletea ugumu mwingine. Aliponiona nimeishia Kisumu aliuliza mbona nimemwacha stesheni.

"Reli inaishia hapo, Tata."

"Na baiskeli?"

Baiskeli niliijua, ni hadithi ya familia. Mwaka mmoja Tata alinunua baiskeli Nairobi, nyeusi, yenye kiti cha ngozi, akailipia mzigo kwenye behewa la mizigo hadi Kisumu. Basi la kwenda juu likataka pesa ambazo hakubaki nazo. Akaipanda. Kisumu, Ahero, Katito, akiipita miwa na mpunga, hadi Sondu, na kuanzia Sondu akashuka akaisukuma, mlima baada ya mlima, akafika Ikonge giza limeingia, na mama akadhani ni mwizi kwa sababu hakuwa na sababu ya kutarajia kengele ya baiskeli uani. Kwa Tata safari ile ni moja. Haina mahali ambapo treni inakoma na kitu kingine kinaanza. Nilimweleza kwamba ramani yangu ni ya reli peke yake. Akaivua miwani akaikunja, ishara ambayo watoto wake wote wanaijua maana yake.

Sikumchorea baiskeli. Ningeanza hivyo, ingenibidi niweke matatu zote, bodaboda zote, na miguu. Mipaka ndiyo inayoifanya ramani isomeke. Yenye kila kitu ni sawa na picha ya setilaiti, na picha ya setilaiti haijui ni nani alipita. Nilibaki na hoja yangu na nikaamini nimeshinda.

Mwezi wa nne nilikuja tena kwa treni. Safari hii sikulala. Nilisimama kwenye mlango wa behewa usiku kucha kama mlinzi, nikaithibitisha baridi ya Molo, na Fort Ternan likazibuka sikio la kulia kwanza, jambo ambalo sijamwambia. Kisumu nilishuka nikiwa nimechoka kiasi cha kusahau kuizima programu. Simu ikaingia mfukoni inaandika. Ikapanda matatu nami kwenye steji. Ikaandika Ahero. Ikaandika Sondu, ambapo gari lilingoja abiria dakika arobaini na nukta zikarundikana pale kama nzi juu ya chungwa. Ikaandika Chabera, tulipoiacha lami kuu, na ule mpando wa kuelekea Ikonge ambao Tata aliusukuma. Ikaandika njia ya miguu kutoka barabarani hadi getini. Nikaiweka juu ya meza sebuleni, nikala, nikalala, na ikaandika usiku kucha.

Asubuhi nilifungua faili nione uharibifu. Mstari ulikuwa umetoka stesheni ya Kisumu bila kupumzika, umekatiza ule weupe wote na kufika nyumbani. Mwisho wake ulikuwa fundo. Kwa saa nane simu ilikuwa imelala mahali pamoja, na kwa saa nane setilaiti zilibishana ilikuwa wapi hasa, zikaipeleka jikoni, zikaipeleka zizini, zikaipeleka kwenye majani chai, zikaivusha ua, zikairudisha, mamia ya nyuzi nyekundu zimesukana juu ya boma letu hadi paa halionekani. Kwa kazi yangu hayo ndiyo magugu ninayoyapalilia kwanza.

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta Tata alipokuja na chai yake akasimama nyuma yangu. Aliinama. Alilitambua zizi kwa bati lake jipya. Alitambua mparachichi. Alifuata kwa macho uzi mmoja mrefu uliotoka kwenye fundo ukaenda upande wa mashariki, ukavuka safu ya mikalatusi na kuingia ndani mita kama kumi na mbili kabla ya kurudi.

"Hapa ni wapi?"

"Ni kosa la simu tu, Tata. Ukiwa umekaa inatangatanga."

"Hapo umeingia shamba la watu," alisema, akiteremsha sauti na kuitazama ile safu ya mikalatusi yenyewe, iliyosimama pale nje mahali pake, na kesi yake iliyochukua miaka sita. "Acha nyingine zote. Hiyo moja ifute, kabla mwenyewe hajaiona."